Steringi hafi: muvi zilizovunja sheria ya kibandani, na hizi za sasa zinazotuchezea

Mabatini_94 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tuliokulia kwenye vibanda umiza tulikuwa na sheria moja. Haikubandikwa ukutani, ila kila mtoto aliijua: steringi hafi. Anapigwa risasi ya bega, anadondoka ghorofani, anatupwa baharini na minyororo, lakini hafi. Ukiona mtu amekufa mapema, huyo si steringi, huyo ni rafiki wa steringi, na kazi ya rafiki wa steringi ni kufa ili mwenzake apandishe hasira. Tulikuwa tunawabashiri mapema kabisa. Mtu akitoa picha ya mchumba wake mfukoni akaanza kuitazama, benchi zima linaguna: huyu kwisha habari yake.

Sasa nina jambo langu la miaka thelathini nataka kulitua hapa.

Mwaka 1994, Mabatini, Mwanza. Kibanda cha mabanzi, turubai juu, deki moja, runinga ya kichogo, jenereta linanguruma nyuma ya choo. Kiingilio cha mtoto sh. 20. Pembeni ya runinga anakaa jamaa juu ya kreti la soda, anatafsiri kwa mdomo. Kihindi chenyewe sidhani kama alikijua, ila alijua sisi tunataka nini. Siku hiyo mkanda ulikuwa *Sholay*.

Kwa ambao hawaijui: ni picha ya Kihindi ya 1975, ya Ramesh Sippy, zaidi ya saa tatu. Mzee Thakur aliyekatwa mikono yote na jambazi Gabbar Singh anawakodi wahuni wawili, Veeru na Jai, wamkamate Gabbar akiwa hai. Veeru ni Dharmendra, Jai ni Amitabh Bachchan. Hapo tu kibandani tayari kulikuwa na ugomvi, maana steringi wawili tulikuwa hatujawahi kuona. Watoto wengi tulimchagua yule mrefu asiyeongea sana.

Na yule mrefu akafa.

Amebaki peke yake darajani anawazuia majambazi, mwenzake amekwenda kuleta risasi. Anapigwa, analipua daraja, Veeru anarudi mbio, anamfia mikononi. Kibanda kilikaa kimya mpaka ukawa unalisikia jenereta tu. Halafu zikaanza kelele. Kaka mmoja wa benchi la nyuma akasimama kabisa: "Rudisha ishirini yangu!" Yule jamaa wa kreti hakutetereka. Akainua mkono akasema, "Tulieni nyie. Hajafa, kazimia. Anazinduka sehemu ya pili, mimi mwenyewe nimeiona Dar."

Tukatulia. Tukamalizia picha kwa amani kabisa.

Wakuu, niliisubiri *Sholay* sehemu ya pili mpaka nipo kidato cha pili. Kila kibanda nilichoingia nilikuwa nauliza.

Juzi kati nimeitafuta nikaitazama tena, nyumbani, usiku, watoto wamelala. Ndipo nikaona nilichoibiwa. Jai na Veeru kila wakishindwa kuamua kitu, Jai anarusha sarafu. Kuokoa mtu au kutoroka, anarusha. Nani abaki darajani kufa na nani aende, anarusha, na kila mara anashinda yeye. Akishakufa, Veeru anaiokota ile sarafu, anaigeuza, anakuta pande zote mbili ni kichwa. Jamaa hakuwahi kubahatisha hata siku moja. Alikuwa ameshaamua kubaki kabla hajairusha. Hiyo sekunde ya sarafu kugeuzwa mkononi ndiyo picha nzima, na mimi nilikuwa bize kusikiliza habari za sehemu ya pili.

Na kuna Radha, mkwe wa Thakur, mjane wa nguo nyeupe. Jioni anazima taa moja moja barazani, Jai amekaa chini anapuliza kinanda cha mdomo. Hawaongei. Kibandani pale ndipo watu walipokuwa wanatoka kununua karanga. Jai akishafariki, yule dada anafunga dirisha, basi. Mke wangu alinikuta nimekaa gizani akadhani kuna msiba kijijini.

Nikajiuliza: kumbe ni muvi ngapi nimezipenda kwa sababu ziliivunja ile sheria, na nilikuwa sijui? Nikaanza kuzirudia.

*Seven Samurai* ya Kurosawa, 1954. Dakika 207, sitawadanganya, jaribio la kwanza nililala. La pili sikunyanyuka. Mashujaa saba wanawalinda wakulima kwa kulipwa wali. Wanakufa wanne, na wote wanne wanauawa kwa bunduki. Hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa upanga. Kuna mmoja pale, Kyuzo, fundi wa upanga kuliko wote, hana mpinzani, halafu jambazi aliyejificha bandani anamfyatulia risasi kutoka gizani. Hapigi hata pozi la kufa. Majambazi walikuwa na bunduki tatu tu, na tangu mwanzo unaambiwa ziko tatu, kwa hiyo unazihesabu na wewe. Hapo mtunzi hajakuonea.

*Game of Thrones*, 2011. Ned Stark ndiye aliyekuwa kwenye bango, ndiye tuliyejua ni steringi. Sehemu ya tisa ya sizoni ya kwanza, kichwa chini. Siku ile nilimpigia rafiki yangu saa sita usiku. Tangu hapo nikawa naiangalia kwa woga wa kweli, kila mtu akitoka nje ya mlango naogopa. Halafu 2015 wakamuua Jon Snow, mwaka uliofuata wakamfufua. Kwangu ile tamthilia ilikufa siku alipofufuka. Watu wanalalamikia sizoni ya nane, mimi nasema shina lilianza kuoza pale.

Sasa tuje kwa hawa wakubwa wa leo.

*Avengers: Infinity War*, Aprili 2018. Thanos, jambazi mkuu, anapiga vidole, nusu ya viumbe wanageuka vumbi. Ukumbi niliokuwa, mabinti wanalia. Mimi nilikuwa natafuna bisi. Shujaa Black Panther kageuka vumbi, wakati muvi yake imetoka Februari mwaka huohuo na inaelekea kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Kuna mtu gani mwenye duka anayechoma ghala lake likiwa limejaa mzigo? Nikamkumbuka jamaa wa kreti. *Tulieni nyie, wamezimia, watazinduka sehemu ya pili.* Na kweli wakazinduka. Tofauti ni kwamba wa Mabatini alitunga uongo ili asirudishe sh. 20, hawa wametunga uongo uleule ndani ya muvi yenyewe.

Mbaya zaidi ni Wolverine. *Logan*, 2017, ndiyo muvi bora ya mashujaa niliyoiona. Logan ndiye Wolverine mwenyewe: mzee amechoka, anakohoa, anakufa kifo cha mtu anayekufa, binti anaulaza msalaba wa kaburi unakuwa X. Imeisha. Mwaka 2024 wanatoa *Deadpool & Wolverine*, na muvi inaanza, sitanii, kwa kulifukua lile kaburi na kupigana kwa mifupa ya marehemu. Ukumbi ukacheka. Na mimi nilicheka, nisijitie utakatifu. Ila niliporudi nyumbani nikaona siwezi tena kuiangalia *Logan* kama zamani.

Naomba mnipinge kwa hoja. Uzi uko wazi.

Kiti_Cha_Mbele

Nimeweka mkeka hapa. Wenye povu mje mapema.

Dogo_wa_Makumbusho

Mkuu unaongea kama mtu mzima aliyeachwa na gari. Tony Stark, yule Iron Man, alikufa *Endgame* 2019 na hajarudi. Amepiga vidole, ameungua, mazishi tumeyaona, mtoto anaomba cheeseburger. Hiyo nayo utasema kazimia?

Mabatini_94

Dogo, umenipa goli la wazi. Julai 2024 Robert Downey Jr., aliyemcheza huyo Tony, alisimama jukwaani San Diego akavua barakoa, akatangazwa kuwa anarudi kama Doctor Doom. Najua, utaniambia ni mhusika mwingine. Sawa. Lakini uso ndio uleule, na uso ndio wanaouza.

Dogo_wa_Makumbusho

Aisee. Hapo sina la kusema. Ila bado nililia.

Shangazi_Sizoni

Mleta uzi, umemsahau mmoja, na ndiye anayeuma kuliko wote. Chadwick Boseman, yule aliyemcheza Black Panther. Alipogeuka vumbi 2018 hakuna aliyestuka, umesema vizuri. Agosti 2020 akafariki kweli, kwa saratani aliyokuwa akiuguza kimyakimya huku anacheza hizo muvi. *Wakanda Forever*, muendelezo wa *Black Panther*, ilipotoka 2022 hawakuweka mtu mwingine avae sura yake. Nembo ya Marvel ya mwanzo wameijaza picha zake, bila muziki. Ukumbi mzima haukutafuna kitu. Hao mabwana wenye uwezo wa kumfufua yeyote, huyu mmoja walikutana na ukuta.

Halafu niongeze la kwetu sisi wa tamthilia. Mnatudharau tunaoangalia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, lakini ile ya Sultan Suleiman iliniliza kuliko muvi zenu za vumbi. Ibrahim Pasha, rafiki wa sultani tangu ujana, anakula naye, analala chumba cha jirani, ndiye mkubwa wa pili katika dola nzima. Nilikuwa naomba asife. Mume wangu akanambia, "Mama, huyo ameshanyongwa tangu 1536." Nilimnunia siku mbili. Unajua kabisa hakuna atakayemwokoa, si mtunzi wala mwenye kituo, na bado kila jioni unakaa unaomba. Historia haina sehemu ya pili.

Mabatini_94

Shangazi, hilo la 1536 naliiba nitakwenda kulitumia kijiweni.

Mzee_wa_Avalon

Vijana, nawasoma kwa furaha. Kabla ya vibanda vyenu vya mabanzi tulikuwa na sinema, na mtu alikuwa anavaa suruali ya pasi kwenda kuangalia picha. Dar es Salaam Jumapili foleni ya Avalon na Empire ilikuwa inazunguka kona, familia nzima, akina mama na kanga zao za doti mpya. Wenye magari walikwenda Drive-in kule Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Tiketi zikiisha zilikuwa zinauzwa mlangoni kwa ulanguzi, na watu walinunua.

Hiyo sheria yenu ya steringi hafi mmeitunga nyie watoto wa Rambo na Komando. Sisi tulikwenda kulia. *Mother India* ya 1957, Nargis anampiga risasi mwanawe wa kumzaa, Birju, ambaye ukumbi mzima ulikuwa unamshangilia. Mama anamuua kwa sababu kijana amemteka binti wa kijiji. Hakuna jambazi wa kulaumiwa pale. Nimeona wanaume wanatoka nje wanajifanya wanawasha sigara.

Na kwa kuwa mleta uzi ni mtu wa Bachchan, ngoja nimpe moja. Mwaka 1982 akiwa anatengeneza picha ya *Coolie* aliumia vibaya kwenye pigano, ngumi ya tumboni, akalazwa mahututi, India nzima ikawa kwenye maombi. Katika hadithi ya mwanzo yule mhusika wake alikuwa afe. Alipopona, mwongozaji Manmohan Desai akabadilisha mwisho: Bachchan anapigwa risasi na anaishi. Na kwenye lile pigano picha inasimama ghafla, wanaandika kuwa hapa ndipo alipoumia. Je, huyo naye ni mdanganyifu wa kreti? Mimi nasema hapana. Watu walikuwa wameshamlilia kweli, hawakuwa na machozi ya pili ya kumlipa.

Mabatini_94

Mzee wangu, shikamoo. Hapo nimekwama na sioni aibu. Nilidhani kumbakiza steringi hai ni woga siku zote.

Ila hiyo ya *Coolie* imenikumbusha upande wake wa pili. Bruce Lee alifariki Julai 1973, ana miaka 32, *Enter the Dragon* haijaanza hata kuonyeshwa. Aliacha nyuma vipande vya muvi ambayo hakuimaliza. Wakaikamilisha wengine 1978 kwa kutumia watu wanaofanana naye, miwani mieusi, wamegeuka mgongo, na mazishi wanayoyaonyesha mle ndani ni mazishi yake ya kweli, na sura yake ya kweli ndani ya jeneza. Tuliiona kibandani tukapiga makofi kwa sababu steringi "amejifanya kafa". Tulikuwa tunapiga makofi mbele ya maiti. Sikulijua hilo mpaka ukubwani.

Kangemi_Finest

Mabatini umenimaliza na hiyo ya kreti. Huku Nairobi tulikuwa tunasema *starring hakufangi*, na DJ Afro, mtafsiri wetu wa muvi, akishika maiki hata aliyekufa alikuwa anaongeza maneno mawili matatu kabla ya kwenda.

Lakini msisahau za nyumbani. *Nairobi Half Life*, 2012, ya Tosh Gitonga. Mwas anatoka kijijini na ndoto ya kuigiza, anaishia kwa genge. Yeye hafi. Anayekufa ni Oti, na Oti ndiye alikuwa amemfundisha mji. Mwas anabaki jukwaani, watu wanapiga makofi, na wewe unajua ametoka wapi usiku huo. Kwa hiyo mimi nasema haijalishi steringi amekufa ama hajakufa, ni nani amelipa.

Kapteni_Mabegani

Mbona hakuna anayemtaja Rambo? Mfalme wa kibanda. Tena huyo hakufa hata sehemu moja, mpaka mifuko ya plastiki tukaiita rambo, ikaja kufa mifuko 2019 yeye bado anadunda.

Mabatini_94

Kapteni, kaa chini hapo, nimekusubiri.

Hebu rudia ile ya kwanza, *First Blood*, 1982. Siyo ya mishale ya mabomu, hizo ni za baadaye. Hii ya kwanza ni askari aliyerudi Vietnam, anatembea kwa miguu barabarani na begi lake, anamtafuta mwenzake wa jeshini, anakuta ameshakufa kwa saratani. Anafika mji mdogo anataka chakula tu, mkuu wa polisi anamwona mchafu, anamfukuza. Ugomvi wote umeanzia hapo. Katika muvi nzima mtu mmoja tu tunamwona akifa, anaanguka kutoka kwenye helikopta. Mmoja! Sisi kibandani tungeapa ni mia.

Na mwisho wake. Rambo anakaa chini sakafuni analia. Analia kama mtoto, kamasi, anamsimulia kanali wake habari za rafiki yake aliyelipuliwa na sanduku la mpiga viatu kule Saigon, jinsi alivyokuwa anajaribu kumshikilia vipande vipande. Stallone ambaye watu wanamcheka hajui kuigiza. Mnajua mtafsiri wetu alisema nini pale? "Anamwambia kanali, nipe silaha niende tena." Kibanda kikalipuka kwa shangwe.

Kitabu ilikotoka, cha 1972, Rambo anakufa. Hata muvi walipiga picha ya mwisho ambao anakufa, wakawaonyesha watu wa majaribio, watu wakachukia, wakautupa. Kwa kubaki hai ndiyo akapata sehemu ya pili, na ya tatu, na mabomu. Sasa hapo nikiwa na hoja ya Mzee wa Avalon kichwani sijui niseme nini. Yule wa *First Blood* kubaki hai akilia ni adhabu kubwa kuliko risasi. Aliyeokoka akaenda kuua kikosi kizima kwenye muendelezo ni mtu mwingine kabisa, wamempa jina lake tu.

Shangazi_Sizoni

Na James Bond je? Tangu 1962 hafi, halafu *No Time to Die* ya 2021 makombora yakamshukia kisiwani akiwa amesimama anayaangalia.

Mabatini_94

Nilimpigia saluti. Ila mwisho wa majina wakaandika kwamba James Bond atarudi. Mkono wa kreti ule.

Dogo_wa_Makumbusho

Wakuu nimeenda kuiangalia hiyo *Sholay* jana kwa sababu ya uzi huu. Saa tatu na ushee. Nyimbo nilizirusha, mnisamehe. Sarafu nimeiona. Sijui niseme nini, nilirudisha nyuma mara nne pale anapoigeuza. Swali kwa mleta uzi: mbona mwisho Gabbar hauawi? Thakur amemkanyagakanyaga kwa viatu vya misumari, mara polisi hao, "sheria imuhukumu". Imekaa kama imebandikwa.

Mabatini_94

Imebandikwa kweli, dogo, una jicho. Mwisho wa kwanza Thakur anamuua Gabbar kwa miguu. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, mwaka ule nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, hawakutaka polisi mstaafu aonekane anajichukulia sheria mkononi. Wakapiga upya, polisi wakaingizwa. Kwa hiyo hata jambazi alipata mtu wa kreti wa kumwokoa, tena wa serikali.

Nyimbo usizirushe lakini. Rudi.

Mgeni_2207

Habari wakuu, sijasoma uzi wote uko mrefu. Mwenye *Sholay* sehemu ya pili naomba anisaidie, mzee wangu anaitafuta muda sana, anasema kuna mtu aliwahi kuiona Dar.

Mabatini_94

Mwambie mzee alete ishirini yake, mimi naleta yangu.